Hasi Moja Kwenye Kona ya Shamba

Vijana wangu, ninyi mnaoniita guku, yaani babu, mkija kibarazani kwangu na madaftari ya hisabati, juzi mmoja wenu aliniuliza kwa sauti ya kunionea huruma, kama mtu anayempima mzee macho: "Guku, kipeuo cha pili cha hasi moja kipo kweli, au watu wameamua tu?" Nilimjibu kwamba chai inapoa. Halikuwa jibu. Nimeona nikae niandike, maana swali hilo lilinikuta nikiwa mwalimu wa miaka mingi, likanivua kofia mbele ya wanafunzi sita, na hadi leo sijaipata yote.

Msitegemee kwamba mkifika mwisho wa karatasi hizi mtaelewa. Mimi mwenyewe naandika huku nimechanganyikiwa. Lakini nimechanganyikiwa kwa namna nzuri kuliko zamani, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Nianze na kitu nilichokijua. Hasi nilizifundisha vizuri, wala sijisifu bure. Kidato cha kwanza wengi huziogopa, kwa hiyo nilichora mstari kwa chaki sakafuni, nikaweka sifuri katikati, nikamsimamisha mtoto juu yake. Chanya ilikuwa "nenda mbele". Hasi ilikuwa "geuka nyuma". Nilipaza sauti: "Hasi!" Mtoto anageuka. "Hasi!" Anageuka tena, anajikuta anatazama alikokuwa anatazama mwanzo. Basi hasi mara hasi ni chanya, na hakuna aliyelia. Mkija kuwa walimu, tumieni miguu ya watoto kabla ya kutumia vichwa vyao. Na chaki muihifadhi kwenye kopo lenye majivu wakati wa masika, la sivyo itaandika kama ndizi mbivu.

Hesabu nilifundishwa na padre mmoja mzee, nilipokuwa seminari ndogo. Upadre haukuwa wito wangu, lakini hesabu na sala nilitoka navyo. Padre yule alikuwa na tabia ya kumkatiza mwanafunzi. Ukisema, "Jibu halipo," anakuuliza, "Halipo wapi?" Tulimcheka bwenini. Kijana mmoja akipoteza kiatu, wote tunamwimbia: "Hakipo wapi?" Sikujua kwamba maneno yale yangenifuata hadi Bariadi.

Nilikuja Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, nikafundisha kwenye shule ya wazazi iliyokuwa nje kidogo ya mji, upande wa kuelekea Lagangabilili. Mimi nilikuwa wa madarasa ya chini. Hisabati ya kidato cha tano ilikuwa ya Mwalimu Sayi, kijana hodari mwenye sauti ya mnadani. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori na mizani zao, wakatafuta watu wanaojua hesabu upesi, na Sayi akaondoka katikati ya muhula. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akanipa daftari la maandalio la Sayi, akasema, "Mzee wa kanisa, tushikie hapa." Nilikuwa na miaka arobaini na kidogo, lakini kwa kuwa nilikuwa katekista waliniita mzee.

Nilifungua daftari nikiwa nimetulia. Ukurasa uliofuata ulikuwa na kichwa "Namba za kufikirika", na chini yake mstari mmoja: *i mara i ni sawa na hasi moja. Toa mifano.* Baada ya hapo daftari lilikuwa jeupe hadi jalada la nyuma.

Ninyi mnaoanza mjue tatizo liko wapi. Kipeuo cha pili cha tisa ni ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata tisa. Tatu inafaa, na hasi tatu inafaa pia, maana hasi mara hasi ni chanya. Sasa tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi tisa. Chanya hazifai, hasi hazifai. Kwa miaka kumi na mingapi niliwaambia watoto waandike "haipo" na kupiga mstari chini. Na sasa daftari la Sayi linanitaka nisimame palepale niseme ipo, inaitwa *i*, na nitoe mifano. Mtu aliyefundishwa kwamba ndiyo yake iwe ndiyo na siyo yake iwe siyo, nilijisikia kama ninakwenda kusema uongo kwa mshahara.

Darasa lilikuwa la watu sita. Nitawataja wawili tu. Masanja alikuwa mtoto wa wafugaji wa Lalago, mrefu, mwenye mdomo usiochoka. Kabula alikuwa binti pekee darasani, mtoto wa mama mjane mwenye ekari chache za pamba, na alikuwa ameamua kusomea umeme. Kwao hakukuwa na umeme hata wa kuwasha redio. Alikuwa ameuona mjini, kwenye mashine ya kusaga, akamuuliza mwenye mashine unatoka wapi, akaambiwa "kwenye waya". Jibu hilo halikumtosha.

Jumanne ile niliingia darasani nikijitia ushujaa. Niliandika ubaoni kwamba kipeuo cha hasi moja mara kipeuo cha hasi moja ni hasi moja, kwa sababu ndiyo maana ya kipeuo. Hapo nilikuwa salama. Kisha, kwa kutaka kuwaonyesha kwamba mambo haya si mageni, nikawakumbusha kanuni ya kidato cha pili: vipeuo viwili vinavyozidishwa huweza kuingia chini ya paa moja la alama ya kipeuo. Nikaviingiza. Hasi moja mara hasi moja, chini ya paa, ni moja. Kipeuo cha moja ni moja.

Nilirudi nyuma hatua mbili kuuangalia ubao wangu. Upande mmoja hasi moja. Upande wa pili moja. Katikati alama ya sawasawa, nimeichora mwenyewe, imenyooka vizuri.

"Mwalimu," Kabula akasema polepole, "kwa hiyo moja na hasi moja ni kitu kimoja?"

"Basi tajiri na fukara tumekwisha kuwa sawa!" Masanja akadakia. "Ng'ombe aliyeko zizini na aliyeibwa ni yuleyule. Mwalimu, twende tukamwambie baba, atachinja."

Walicheka hadi darasa la jirani wakagonga ukuta. Masanja alikuwa na kikokotoo kidogo alichonunua kwenye mitumba. Akakibonyeza, akakiinua juu. Kilikuwa kimeandika herufi E peke yake. "Hata mashine imeshangaa, mwalimu. Imesema 'E!' kama mtu aliyekanyagwa."

Nilifanya jambo ambalo nawaomba msilifanye kamwe. Nilifuta ubao kwa kiganja cha mkono, haraka, nikasema tutaendelea kesho. Kosa likifutwa hivyo, mwanafunzi hulibeba nyumbani. Likatwe mstari, libaki pale, mlitazame pamoja. Mimi nililibeba pia. Nilikula michembe, vile viazi vitamu vikavu, mchana ule bila kuonja ladha yake.

Kesho yake nilipanda baiskeli hadi kwenye ghala la pamba, nikamkuta Sayi amesimama juu ya robota kama nahodha, anaelekeza wapakiaji. Nilimwonyesha hesabu yangu kwenye karatasi. Aliiangalia kwa muda mfupi sana.

"Mwalimu, mwadila," alinisalimu kwanza, maana kijana alikuwa na adabu. Kisha akasema, "Hiyo usiitafutie maana. Wape kanuni, wakariri, wafaulu. Mimi mwenyewe nilifaulu hivyo."

"Na moja kuwa sawa na hasi moja?"

"Waambie wasiguse hapo."

"Kwa nini wasiguse?"

Sayi alikuna kichwa. Nyuzi za pamba zilikuwa zimemganda kwenye nywele, alionekana kama mzee mwenzangu. "Aisee, mwalimu, hilo hata mimi sikuambiwa," akasema, akarudi kwenye malori yake. Niliendesha baiskeli kurudi nikiwa nimechanganyikiwa mara mbili: kwa hesabu, na kwa kugundua kwamba mtu anaweza kutembea juu ya shimo miaka yote bila kutumbukia wala kujua.

Alhamisi Kabula alikuja ofisini. Aliweka fomu mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa fomu ya kuhama mchepuo. Alitaka kuacha fizikia, kemia na hisabati, aende kwenye historia, na fomu ilitakiwa ifike kwa afisa elimu wiki iliyofuata. Chini palikuwa na sehemu ya sahihi ya mwalimu wa somo.

"Umeshindwa hesabu?" nikamuuliza, ingawa nilijua hajashindwa.

"Hapana, mwalimu. Nazifanya. Lakini nilikuwa nadhani hisabati ndiyo mahali pekee ambapo mtu hawezi kunidanganya. Mama analima peke yake ili mimi nikae hapa. Kama ni mahali pa kukariri tu, bora nikakariri historia. Angalau ilitokea."

Hakusema kwa ujeuri. Ningefurahi kama angesema kwa ujeuri. Alikuwa na macho ya mtu aliyekuta kisima kimekauka. Na aliyemwaga maji ya kisima kile ni mimi, kwa chaki yangu, Jumanne saa nne. Nikisaini, umeme wake umezimika kabla haujawaka. Nikikataa, namfungia kwenye somo ambalo mimi mwenyewe sijui kama lina ukweli.

"Niachie hadi Jumatatu," nikamwambia, "nifikirie." Nikaiweka fomu ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, na Jumamosi ilikuwa siku ya kulima shamba la shule. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu. Sasa mjue kwamba mimi ni mtu wa Kiloleli, kando ya ziwa. Kwetu tulilima majaruba ya mpunga kwa jembe la mkono, kisha nikaenda seminari. Plau niliiona kwa macho tu. Lakini wiki ile nilikuwa nimeaibika darasani, nikataka kujikomboa shambani. Kabula alishika kamba, akiwaongoza maksai kwa mbele. Nikamwambia Masanja anipishe mishikio ya plau.

Mfereji wa kwanza ulikwenda vizuri, nikaanza hata kuimba. Tulipofika mwisho wa shamba, nikaona jambo la busara ni kurudi palepale tulipotoka. Nikavuta mishikio, nikawapigia kelele maksai: "Geuka nyuma!" Sauti ileile ya kidato cha kwanza.

Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe hawezi kufanya kosa lile, na mtu asiye mwalimu wa hesabu pia hawezi. Maksai wa kulia alijaribu kunitii, wa kushoto akakataa, mnyororo ukawaingia miguuni, nira ikapinda, plau ikalala ubavu. Nikajikuta nimekaa kwenye udongo mbichi.

"Mwalimu, hageuki hivyo!" Masanja alipiga kelele, kicheko kikimkaba. "Ng'ombe mwenye nira hageuki kwa mara moja! Kata kona. Tembea kidogo kwenye ukingo. Kata kona tena. Ndipo atakuwa amegeuka!"

"Kona mbili?"

"Kona mbili, za upande mmoja. Bebe, wewe mwalimu, hata mtoto wa miaka sita anajua!"

Alichukua mishikio, akatuonyesha. Wanyama walikata kona kushoto, wakasimama kwenye ukingo wa shamba, ubavu wao ukiwa upande wa mifereji. Hawakuwa wanakwenda, hawakuwa wanarudi. Na hapo Kabula, aliyekuwa mbele na kamba mkononi, akasimama. Maksai wakasimama. Masanja akagonga plau kwa goti, akalaani kwa Kisukuma maneno ambayo nilijifanya sikuyasikia.

"Mwalimu," Kabula akasema, "hasi ni kugeuka nyuma, si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Ndivyo."

"Na kugeuka nyuma ni kona mbili zinazofanana."

"Masanja ndiye anayesema."

"Basi kona moja ni nini?"

Nilikuwa bado nafuta udongo kwenye suruali. Kitu ambacho ukikifanya mara mbili unapata hasi moja. Tulikuwa tunakitafuta tangu Jumanne, na sasa kilikuwa kimesimama mbele yetu, kinapunga mkia.

"Sijui," nikasema. Hilo lilinitoka lenyewe.

"Nipe karatasi, mwalimu."

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na kitabu cha nyimbo mfukoni mwa koti, maana baada ya shamba nilikuwa na mazoezi ya kwaya, na ndani yake fomu. Nikampa fomu. Aliiweka juu ya mgongo wa maksai, akachora nyuma yake kwa kalamu yangu ng'ombe wanne, mmoja kila upande, wakiwa wadogo kama panya. Wa kwanza anatazama mbele: moja. Kona: *i*. Kona: hasi moja. Kona: hasi *i*. Kona ya nne, moja, yule wa mwanzo. "Inakubali," akasema, kama mtu anayejaribu barafu ya jokofu kwa ulimi. "Lakini mwalimu, ng'ombe huyu wa pili hayuko kwenye mstari wa namba."

Hapo nilimsikia padre wangu, Mungu amrehemu. Halipo wapi? Miaka yote niliwaandikisha watoto "haipo", na hakuna aliyeniuliza haipo wapi. Haikuwepo kwenye mfereji. Ilikuwa kwenye ukingo.

Msidhani nilifurahi. Niliingiwa na woga. Jumapili kanisani nilikuwa msomaji wa somo la kwanza. Nilikwenda mimbarini, nikafungua kitabu cha masomo, machoni mwangu nikawaona ng'ombe wanne wa Kabula, nikatamka, "Neno la Bwana." Waumini wakaitika kwa utii, "Tumshukuru Mungu," wakaketi vizuri, na mimi sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Paroko aliniangalia kwa muda mrefu. Niliomba msamaha nikasoma, lakini moyoni swali lilikuwa lingine: ikiwa kona ni kweli, mbona moja ilikuwa sawa na hasi moja?

Jumatatu niliingia darasani, nikaiandika upya hesabu yote ya Jumanne, pamoja na kosa. Nikawaambia: "Hapa nilidanganya bila kujua, kisha nikafuta nikijua. Mnisamehe kwa lile la pili. Sijui kosa liko wapi. Tulitafute."

Wote sita waliinamia madaftari yao. Hata Masanja. Nilidhani nimepoteza heshima yangu yote kwa mara moja. Kisha nikamwita Masanja mbele. "Wewe ndiye ng'ombe."

"Nimekuwa nangoja kutambuliwa," akasema.

"Kata kona kushoto. Tena kushoto." Akawa ametupa mgongo. Hasi moja. "Rudi mwanzo. Je, ukitaka kugeuka nyuma, lazima ukate kushoto?"

"Hata kulia, mwalimu. Kulia mara mbili. Inategemea plau inatupa udongo upande gani."

Akakata kulia, akakata kulia tena, akatazama nyuma vilevile. Kwa hiyo hasi moja ilikuwa na vipeuo viwili, kona ya kushoto na kona ya kulia, kama tisa ilivyo na tatu na hasi tatu. Nilisimama pale chaki mkononi, nikihisi kuna kitu kinapita mbele yangu na siwezi kukishika.

Aliyekishika ni Kabula. "Masanja, kata kushoto. Sasa kata kulia."

Masanja akakata kushoto, akakata kulia. Alikuwa anatutazama usoni, anacheka. Alikuwa amerudi alikoanzia.

"Moja," akasema Kabula. "Ndiyo hii. Mwalimu, ulimkatisha kona moja kushoto na nyingine kulia, halafu ukashangaa anatazama mbele. Ukishaziingiza zote chini ya paa, huoni tena ng'ombe amekata upande gani."

Nilikaa kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi. Kanuni yangu ya paa ilikuwa njema kwa ng'ombe wanaotembea kwenye mfereji tu. Kwenye ukingo lazima useme unakata upande gani, na usibadilishe njiani. Kila mkulima wa Bariadi anajua hilo.

"Na nusu ya kona je?" Kabula akauliza. Alikuwa amekwisha kusogea mbele, mimi bado nahema. "Akisimama mshazari? Kipeuo cha *i* chenyewe?"

"Hilo sijui," nikasema, na safari hii sikuona aibu.

Kabula hakuiulizia fomu siku ile. Wala kesho yake. Wiki ikapita, afisa elimu akafunga orodha.

Sayi alirudi kufundisha misimu miwili baadaye, shule nyingine, na alipokuja kunisalimu nilimkatisha kona ukumbini hadi kizunguzungu kikamshika. Masanja anauza ng'ombe Lalago, na anasema hisabati yote iliyombakia ni zile kona. Mimi nilistaafu, macho yamepungua, na nikiwa peke yangu na rozari mkononi hutokea nikajikuta nauliza ng'ombe yule wa ukingoni yuko wapi hasa. Napenda kumwomba Mungu anieleweshe kabla ya siku yangu, lakini naona haya kumsumbua kwa jambo dogo.

Mwaka jana Kabula alikuja kumwona mama yake, akapitia kwangu. Ni mhandisi wa umeme, mtu mzima, ana miwani. Nilimwandalia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kama zamani.

"Mwalimu, ile namba naitumia kila siku kazini," aliniambia. "Bila hiyo, umeme huu unaowasha taa yako hauhesabiki."

"Kwa hiyo ipo?"

"Taa si inawaka?"

"Sikukuuliza taa, binti."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sijui, mwalimu. Nikianza kukaa na swali hilo, transfoma zitanisubiri." Akatafuna kidogo. "Ile fomu yangu ulimpelekea nani?"

Nikainuka, nikachukua kitabu cha nyimbo juu ya kabati. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Aliwaangalia ng'ombe wake wanne, akawagusa kwa kidole mmoja mmoja kwa kuzunguka, kushoto, kushoto, kushoto. Kisha akaigeuza upande wa mbele, akaisogeza karibu na miwani, akasoma hadi chini.

"Mbona hukusaini?"

"Nilikwambia unipe hadi Jumatatu," nikamjibu. "Bado nafikiria."